Ujana Hauuzwi Kwenye Kopo

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hulifanya chumbani, mbele ya kioo, na hawapendi kulisema mbele za watu, hata mbele ya daktari. Nalo ni kutafuta sura ya ujana kwa krimu, sabuni na sindano.

Mji wa Tunduma ni mji wa mpaka. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, na watu huvuka kwenda Nakonde na kurudi na mizigo yao. Kila aina ya bidhaa hupita, na vipodozi vimo. Kopo dogo linaingia katika mkoba wa mkononi, na halihitaji lori. Vipodozi vilivyopigwa marufuku vimekamatwa mara nyingi katika mipaka ya nchi yetu, lakini vingine hupita na kufika katika magulio, saluni na maduka ya mitaani. Muuzaji husema: "Mama, paka hii wiki mbili tu, makunyanzi yote yatakwisha, utarudi kama binti."

Hatuandiki ukurasa huu ili kumcheka anayetaka kupendeza. Kupenda kuonekana nadhifu si kosa. Tunaandika kwa sababu katika makopo hayo zimo sumu zinazoharibu figo, na kwa sababu yupo anayezitumia bila kujua. Pengine ni wewe, au mkeo, au binti yako.

1. KWA NINI NGOZI INAZEEKA?

Ngozi ya binadamu ina tabaka la juu na tabaka la chini. Tabaka la juu hujitengeneza upya kwa muda wa wiki nne hivi. Katika tabaka la chini zimo nyuzi ziitwazo kolajeni na elastini, ambazo huifanya ngozi ikaze na ivutike. Umri unapozidi, nyuzi hizo hupungua polepole. Ngozi hulegea, hukauka, na makunyanzi hutokea. Huo ndio uzee wa kawaida, na hakuna aliyewahi kuukwepa. Wahenga walisema: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Lakini upo uzee wa pili, unaokuja kabla ya wakati wake. Huo huletwa hasa na mionzi ya jua na moshi wa sigara. Mionzi huingia ndani ya ngozi na kukata zile nyuzi mwaka baada ya mwaka. Uzee huu wa pili unaweza kuzuiwa.

Sisi watu weusi tuna ngao ya asili. Ni ile rangi nyeusi ya ngozi, iitwayo melanini. Rangi hiyo huzuia sehemu kubwa ya mionzi isifike chini. Ndiyo sababu makunyanzi ya jua huchelewa kwetu, mara nyingi kwa miaka kumi hivi kuliko kwa Mzungu wa umri ule ule. Tuzingatie jambo hili, maana ndilo kiini cha somo la leo: mtu anayejichubua ili aonekane kijana anaibomoa ngao iliyokuwa ikiulinda ujana wake.

2. SOMO KUTOKA KWA DEREVA WA LORI

Kwa kuwa mkoa wetu wa Songwe umejaa madereva, tuchukue mfano wa dereva. Mwaka 2012 jarida moja la madaktari la Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 ambaye alikuwa ameendesha gari la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa kawaida kwa umri wake. Upande wa kushoto, ule uliokuwa dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi iliyoning'inia, kana kwamba ni uso wa mtu mwingine aliyemzidi kwa miaka mingi. Mtu ni yule yule, chakula ni kile kile, umri ni ule ule. Tofauti ilikuwa jua la dirishani.

Kioo cha gari huzuia miali inayounguza ngozi, lakini ile inayopenya ndani zaidi hupita. Huko Marekani usukani uko kushoto. Hapa kwetu uko kulia, kwa hiyo kaka dereva, ni shavu lako la kulia linalozeeka haraka.

Wakazi wa nyanda za juu tuna hatari nyingine. Baridi ya Mbozi na Tunduma hutudanganya. Mtu akisikia upepo wa baridi hudhani jua halina nguvu. Kumbe kila unapopanda meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, nguvu ya mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Jua la huku ni kali kuliko joto lake linavyoonyesha.

3. NDANI YA KOPO MNA NINI?

Krimu nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa mabaka na makunyanzi kwa siku chache huwa na moja ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja. Wengine huchanganya wenyewe nyumbani au saluni, na ndio huo mkorogo tunaoufahamu.

(a) Zebaki. Hii ndiyo zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe huitumia kukamatisha dhahabu. Katika sabuni na krimu, chumvi zake huzuia ngozi isitengeneze rangi. Haiishii kwenye ngozi. Hupenya hadi kwenye damu na kufika kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Walipowauliza vizuri, zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoziacha.

Zebaki hudhuru pia mishipa ya fahamu: mtu hutetemeka mikono, hukosa usingizi, husahau. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Na watoto wa nyumbani hupata sumu hiyo kwa kubebwa kifuani, au kwa kutumia taulo na mto wa mama aliyejipaka.

(b) Haidrokwinoni. Hii ni dawa ambayo daktari wa ngozi anaweza kumpa mgonjwa wa mabaka kwa miezi michache na kwa uangalizi. Ikitumika kiholela kwa miaka, inageuka. Ngozi huanza kuwa na madoa ya bluu na weusi, hasa mashavuni, ambayo ni magumu mno kuondoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madhara haya mwaka 1975. Mtu akiona weusi huo huongeza krimu akidhani dawa imempungukia, na weusi nao unazidi.

(c) Steroidi kali. Majina yanayoonekana sana ni klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa za hospitali, zinazotibu magonjwa fulani ya ngozi kwa siku chache. Zikipakwa usoni, siku za kwanza huleta uso laini na mweupe, na majirani husifia. Hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa huzuia ngozi isijijenge, hatimaye ngozi huwa nyembamba kama karatasi. Mishipa ya damu huonekana, chunusi na vinyweleo huota, na michirizi hutokea mapajani na kwenye mikono. Makunyanzi aliyoyakimbia mtu humrudia mapema zaidi. Zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, zaweza kuleta mtoto wa jicho na ugonjwa wa shinikizo la jicho.

Aidha, dawa hizi zikipakwa mwili mzima huingia katika damu, na huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Mama anayepasuliwa wakati wa kujifungua hupata shida ya peke yake: ngozi nyembamba hushika nyuzi kwa taabu, na kidonda huchelewa kupona. Mganga asipoambiwa ukweli, atatafuta sababu nyingine huku siku zinapita.

4. HABARI ZA SINDANO

Siku hizi zimeongezeka sindano za ujana. Matangazo yake hutufikia kwa simu za mkononi, na wapo wanaosafiri kwenda miji mikubwa kuzitafuta. Ni vema tuzijue.

Ya kwanza ni botoksi. Hii ni sumu ya bakteria iliyopunguzwa sana, inayolegeza misuli ya uso ili mikunjo ya paji ilale. Madaktari wawili wa Kanada, Jean na Alastair Carruthers, waliandika juu ya matumizi yake usoni mwaka 1992, na Marekani iliikubali kwa kazi hiyo mwaka 2002. Mkononi mwa daktari aliyesomea, hufanya kazi. Lakini nguvu yake hudumu miezi mitatu au minne tu, kisha mikunjo hurudi, na anayetaka kuendelea hulipa tena. Ikiwa bandia au ikichomwa na asiyejua, sumu yaweza kusambaa na kulegeza misuli ya kumeza na kupumua. Mwaka 2024 huko Marekani kwenyewe, watu kadhaa walilazwa hospitali baada ya kuchomwa sindano bandia au zilizoshughulikiwa vibaya.

Ya pili ni sindano za kujaza mashimo ya uso na midomo. Dawa yake ikiingia kwa makosa ndani ya mshipa wa damu, hukata damu isipite. Ngozi hufa, na wapo waliopofuka jicho.

Ya tatu ni dripu za glutathaioni, zinazosifiwa kuwa hung'arisha na kurudisha ujana. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo juu ya sindano hizo kwa ajili ya ngozi, ikitaja hatari kwa ini, figo na mishipa ya fahamu.

Ya nne ni kutoboa uso kwa visindano vidogo vingi na kupaka damu ya mteja mwenyewe. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, nyumba moja ya urembo isiyo na leseni ilifungwa mwaka 2018. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wateja wanawake waliambukizwa virusi vya UKIMWI mahali hapo. Walikwenda kutafuta uso wa ujana, wakarudi na ugonjwa wa maisha. Sisi tunaoishi katika mji wa mpaka tunajua UKIMWI umetuachia nini. Sindano au kisindano chochote kinachotoboa ngozi saluni, kisichofunguliwa kipya mbele ya macho yako, ukikatae.

5. SHERIA INASEMAJE?

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilikatazwa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Minamata ni mji wa Japani ambako watu wengi walikufa na kulemaa kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwaka 2025.

Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila mkoba unaovuka mpaka. Hatuna budi kuwa walinzi wa ngozi zetu wenyewe. Dalili za kopo la hatari ni hizi:

- Halina orodha ya vitu vilivyomo, au halitaji kiwanda na nchi lilikotengenezwa.
- Lebo yake ina maneno kama mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone.
- Linaonya usiguse dhahabu, fedha au vito baada ya kupaka. Hiyo ni alama kubwa ya zebaki.
- Linaahidi matokeo ndani ya siku saba au kumi na nne.
- Limepimwa kijiko kwa kijiko na muuzaji na kutiwa katika kikopo kisicho na jina.

6. ALIYEKWISHA KUTUMIA AFANYE NINI?

Mama mpendwa, na wewe kaka, maana wanaume nao wamo: kama umetumia, usikate tamaa wala usione haya.

Kwanza, kama unashuku zebaki, acha leo. Funga kopo katika mfuko wa plastiki na umuulize mganga au afisa afya namna ya kulitupa. Usilichome moto, maana moshi wake ni sumu. Fua taulo, foronya na mashuka.

Pili, kama umepaka krimu yenye steroidi mwili mzima kwa miezi mingi, usiache ghafla peke yako. Mwili wako umezoea dawa hiyo na umepunguza kutengeneza ya kwake. Ukiacha kwa siku moja, ngozi yaweza kuwaka na kuwasha vibaya. Wengine hulegea, hutapika, hata kuzirai, hasa wakipatwa na malaria au upasuaji. Nenda hospitali uelekezwe namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Tatu, peleka kopo lenyewe kwa mganga. Omba upimwe mkojo, sukari na shinikizo la damu. Ukiona mkojo wenye povu lisilokwisha, au uso na miguu kuvimba asubuhi, usingoje.

Nne, mjamzito amweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza kliniki. Mkunga hayupo pale kukuhukumu. Ukimficha, unamficha pia mtoto.

Kuanzia kituo cha afya utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Vwawa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Uweusi wa ngozi utarudi polepole, kwa miezi. Kuna wakati uso utakuwa na mabaka mabaya kuliko mwanzo. Hapo ndipo wengi hushindwa na kurudia kopo. Vumilia.

7. YANAYOSAIDIA KWELI

(i) Kivuli. Vaa kofia pana au pama, jifunike kanga, beba mwavuli hata siku isiyo na mvua. Mkulima wa kahawa, anza shamba alfajiri na upumzike saa za adhuhuri. Dereva, vaa mikono mirefu na tundika kitambaa kwenye dirisha la ubavuni pale gari linaposimama foleni.

(ii) Mafuta ya kukinga jua, kwa anayeweza kuyanunua. Huko Australia watu zaidi ya 900, wengi wao weupe, walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliojipaka kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko wengine. Kwa ndugu zetu wenye ualbino mafuta haya ni lazima, maana hawana ile ngao ya asili. Hospitali ya KCMC Moshi, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, hutengeneza mafuta kwa ajili yao.

(iii) Kuacha sigara. Moshi hubana mishipa midogo ya damu na kukata kolajeni. Mvutaji hupata mikunjo ya midomo mapema.

(iv) Mafuta ya kawaida. Baridi kavu ya Juni na Julai hukausha ngozi na kuifanya ionekane imezeeka. Mafuta ya mgando au ya nazi, yakipakwa mara baada ya kuoga mwili ukiwa bado na unyevu, hulainisha mikunjo midogo siku hiyo hiyo. Bei yake ni ndogo, na figo hazidhuriki.

(v) Chakula, maji na usingizi. Mboga za majani, maharage, mapapai na maembe hujenga ngozi kutoka ndani.

(vi) Dawa ya daktari. Ipo krimu ya tretinoini, ya jamii ya vitamini A, ambayo imethibitika kupunguza mikunjo midogo kwa miezi kadhaa. Hutolewa na daktari, na mjamzito haruhusiwi kuitumia.

8. NENO LA MWISHO

Tuseme ukweli pia juu ya sisi tunaotazama. Mama aliyezaa watoto sita, akalima, akauza mahindi gulioni juani, uso wake umelipa gharama ya nyumba nzima. Mume anayemwambia mkewe "umezeeka" ndiye anayemtuma kwenye kopo. Mwajiri anayetaka wasichana weupe kaunta ndiye anayempa binti mkorogo. Nasi majirani tunaosifia, "Siku hizi umetakata!" bila kuuliza ametakatishwa na nini, tumo.

Uzuri wa kopo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Umri hautarudi nyuma, lakini figo zako mbili bado zinaweza kulindwa, na ngozi uliyozaliwa nayo ndiyo ngao bora uliyo nayo. Usiiuze kwa wiki mbili za sifa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwetu kuna krimu au sabuni gani? Tuzilete, tuzisome lebo kwa pamoja.
2. Kwa nini anayetumia mkorogo humficha daktari? Tumsaidieje aseme?
3. Wanaume wafanye nini ili wake na binti zao wasione haja ya kujichubua?
4. Ni watu gani katika jumuiya yetu hufanya kazi juani kutwa? Tunaweza kuwapatiaje kofia au kivuli?